Mche wa Sabuni na Jina Lake

 

Nenda duka lolote la mtaani, iwe Tanga, Nakuru au Kigoma, useme unataka sabuni ya kipande ya kufulia. Muuza duka atauvuta mche mrefu kutoka kwenye katoni, ataupima kwa jicho, atashika kisu na kukukatia. Unalipa, unaondoka. Miaka mia moja na hamsini iliyopita, Uingereza nzima ilinunua sabuni hivyohivyo. Muuza duka alikuwa na mche, kisu na mzani. Mnunuzi hakujua mche ule umetoka kiwanda gani wala hakujali; aliuliza bei ya ratili, akachukua alichokatiwa.

Naanza na mche huo kwa sababu historia ya matangazo ya sabuni ni historia ya kumpita yule muuza duka, ili mwenye kiwanda aweze kuzungumza na anayefua bila mtu kati. Na alipoipata njia hiyo alisema mengi. Mengine yalikuwa kweli. Mengine yalimtisha mwanamke ndani ya nyumba yake. Mengine yalitutukana sisi Waafrika waziwazi, kwa picha za rangi nzuri. Naamini kila anayenunua pakiti ya sabuni leo ana haki ya kuijua habari hii, kwa kuwa maneno yanayotangazwa sasa yana nasaba na maneno yale.

Mwaka 1853 waziri wa fedha wa Uingereza, William Gladstone, alifuta ushuru wa sabuni. Mwaka uleule kodi iliyokuwa ikitozwa kwa kila tangazo la gazetini nayo ikafutwa. Sabuni ikashuka bei na tangazo likashuka bei kwa pamoja, na tangu hapo viwili hivyo havikuachana.

Sasa tumtazame William Hesketh Lever. Alizaliwa mwaka 1851 huko Bolton, mtoto wa mfanyabiashara wa vyakula, na alipokuwa kijana kazi yake katika duka la baba yake ilikuwa kukata miche ya sabuni na kuifunga. Mwaka 1884 alisajili jina, Sunlight, yaani mwanga wa jua. Angalieni mpangilio wa mambo: wakati anasajili jina hilo Lever hakuwa na kiwanda. Alinunua sabuni kwa watengenezaji wengine, akaitia jina lake. Kiwanda cha kwanza alikikodi baadaye kule Warrington, na mwaka 1888 ndipo alipoanza kujenga kiwanda kikubwa pamoja na mji wa wafanyakazi, Port Sunlight, karibu na mto Mersey. Jina lilitangulia, sabuni ikafuata. Mwenye kulielewa hilo ameielewa nusu ya biashara nzima ya bidhaa za usafi.

Lever aliacha kuuza mche. Alikata sabuni kiwandani, vipande vya uzito mmoja, akavifunga karatasi, akaandika jina juu yake na ahadi ya kulipa pauni 1,000 kwa atakayethibitisha kwamba ndani yake mna kitu cha kughushi. Nami nisimnyime haki yake: sabuni yenyewe ilikuwa nzuri. Wengine walitegemea sana mafuta ya wanyama. Yeye alitia kwa wingi mafuta ya mimea, ya nazi au ya kiini cha chikichi, na ya mbegu za pamba, na kwa hiyo ikatoa povu kwa urahisi zaidi. Mama aliyefua kwa mikono aliiona tofauti siku ileile.

Lakini tofauti hiyo haikudumu. Kutengeneza sabuni ni ufundi wa kale: mafuta, magadi makali, moto, na mkono wenye uzoefu. Anachokiweza mmoja, jirani yake atakiweza mwakani. Wakati sabuni zote zinapokaribiana ubora, kinachobaki cha kushindania ni masikio na macho ya mnunuzi. Hapo ndipo fedha zilipoelekea.

Tangazo moja la Lever liliuliza kwa nini mwanamke huonekana mzee mapema kuliko mwanamume. Maneno hayo aliyanunua kwa mtengenezaji sabuni mmoja wa Philadelphia, Marekani. Jibu lilikuwa siku ya kufua: kuchemsha maji, kusugua, kukamua, mgongo kuinama tangu alfajiri. Kila mwanamke aliyelisoma alijua kwamba kazi hiyo kweli inachosha. Ila tazameni dawa iliyotolewa. Tangazo halikusema mume ashike ndoo upande mmoja. Lilisema nunua Sunlight. Uchovu wa kweli ulitambuliwa, kisha ukageuzwa kuwa sababu ya kununua, na ukweli huo mmoja umelipa faida kwa zaidi ya miaka mia moja. Sikilizeni matangazo ya sabuni katika lugha yetu leo, mhesabu ni mara ngapi anayefua ni baba.

Mshindani wake mkubwa katika sanaa hii alikuwa Thomas Barratt wa kampuni ya Pears. Huyu alichukua mchoro wa John Everett Millais, msanii aliyeheshimiwa sana, unaoonyesha mtoto akitazama povu la sabuni likipaa, akautia kipande cha Pears na kuusambaza kila mahali. Wapenzi wa sanaa walilalamika, Pears ikauza. Lever naye akanunua mchoro wa William Powell Frith, wa mtoto aliyeinua gauni jeupe, akautumia vivyo hivyo.

Sitaki kuipita Pears haraka, kwa sababu ndiyo iliyotoa, katika miaka ya 1880, tangazo ambalo hadi leo likionyeshwa darasani hunyamazisha watu. Mtoto wa Kizungu anamwogesha mtoto mweusi ndani ya beseni. Picha ya pili mtoto mweusi ametoka majini, mwili wake wote umekuwa mweupe, kasoro uso. Mwaka 1899 ikatoa tangazo jingine: ofisa wa jeshi la majini ananawa mikono ndani ya meli, na maneno yanasema kufundisha fadhila za usafi ni hatua ya kuupunguza mzigo wa mtu mweupe, mzigo wa kuwastaarabisha watu wa pembe za giza za dunia. Picha hizi zilitundikwa kwenye maduka na kuchapishwa magazetini watoto wakiziona, na ziliwafundisha kwamba ngozi yetu ni uchafu. Nazitaja kwa uchungu, na nazitaja makusudi, kwa kuwa hapa pwani watu walikuwa wakioga, wakifua, wakijifukiza udi na kutawadha mara tano kwa siku, karne nyingi kabla kampuni hiyo haijaanzishwa.

Tena mafuta ya sabuni hizo yalitoka kwetu. Katika karne ya 19 ufuta na mbata za pwani ya Afrika Mashariki zilipakiwa melini kwenda Marseille, mji wa Ufaransa uliojulikana kwa sabuni. Lever alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1911 alifanya mkataba na serikali ya Ubelgiji akapewa haki juu ya michikichi ya Kongo, katika maeneo ambayo kwa jumla yangeweza kufika hekta 750,000. Kituo kimoja kwenye mto Kwilu kiliitwa Leverville. Leo ni Lusanga. Chikichi huvunwa kwa kukwea. Mtu hufunga kamba kiunoni, akapanda mti mrefu kwa nguvu za miguu, akakata shazi zito, na akiteleza amekwisha. Watu wengi hawakuitaka kazi hiyo kwa ujira uliotolewa, basi wakapelekwa kwa kodi, kwa shinikizo la machifu na kwa askari. Jules Marchal, aliyekuwa mwanadiplomasia wa Ubelgiji, aliyachimbua maandishi ya serikali yenyewe na kuandika kitabu kizima juu ya kazi ya kulazimishwa katika michikichi ya Lever. Mwaka 1931 Wapende wa eneo la Kwango waliasi, na majeshi ya kikoloni yakaua mamia yao.

Wakati huohuo wafanyakazi wa Port Sunlight waliishi katika nyumba nzuri zenye bustani, na mwaka 1922 wakafunguliwa jumba la sanaa. Karatasi ya Sunlight iliahidi usafi wa mali iliyomo ndani. Juu ya mkwezi wa Leverville haikuwa na neno.

Kabla sijavuka bahari kwenda Marekani, nieleze kisa kimoja kinachotuhusu sisi tulio katika vyombo vya habari. Mwaka 1906 bei ya mafuta ilipanda. Lever akaafikiana na wenye viwanda wenzake waungane, wapunguze gharama, na gharama mojawapo iliyolengwa ilikuwa matangazo. Kipande cha Sunlight nacho kikapunguzwa kutoka wakia 16, yaani ratili kamili, hadi wakia 15, bei ikabaki palepale. Mambo ya kipakiti kupungua bei isipungue tunayajua vizuri sana. Gazeti la Daily Mail na wenzake wakaanza kampeni kali: maskini anaibiwa wakia moja! Hilo la wakia lilistahili kusemwa. Lakini magazeti hayo ndiyo yaliyokuwa yakiishi kwa fedha za matangazo ya sabuni, na yaliongeza tuhuma ambazo hayakuweza kuzisimamia mahakamani. Mwaka 1907 wenye Daily Mail wakakubali kumlipa Lever pauni 50,000, fedha ambayo ilikuwa haijapata kusikika katika kesi ya kashfa wakati ule. Umoja wa wenye viwanda ulikwisha vunjika, na matangazo yakarudi. Nakiweka kisa hiki mbele ya kila mhariri: gazeti lililolishwa na sabuni lilipata ujasiri wa kumtetea mnunuzi pale tu chakula kilipotishiwa kukatwa.

Na redio je? Redio ina deni kubwa zaidi. Kampuni ya Procter & Gamble ya Cincinnati, iliyoanza mwaka 1837, ilikuwa imekwisha tajirika kwa sabuni ya Ivory, ambayo ilitangazwa kuwa ni safi kwa asilimia 99 na sehemu 44 za mia, na kwamba inaelea majini. Mwaka 1931 kijana wa kampuni hiyo, Neil McElroy, aliandika waraka wa kurasa tatu akipendekeza kila jina la sabuni liwe na kikosi chake, lipiganiwe kama biashara ya peke yake, hata dhidi ya majina mengine ya kampuni ileile. Ndiyo maana mpaka leo unaweza kusimama mbele ya rafu, ukahangaika kuchagua kati ya sabuni tatu, na fedha yako ikaenda kwa tajiri mmoja vyovyote utakavyochagua. McElroy mwenyewe alipanda hadi akawa waziri wa ulinzi wa Marekani mwaka 1957.

Mwaka 1933 kampuni hiyo ilikuwa na sabuni ya unga iitwayo Oxydol, iliyokuwa ikishindwa na Rinso ya akina Lever. Ikalipia mchezo wa redio: Ma Perkins, hadithi ya mjane mwenye kiwanja cha mbao katika mji mdogo, mwenye busara, anayetatua matatizo ya wanawe na majirani. Dakika kumi na tano kila siku ya kazi, mchana, saa ambazo mwanamke yuko nyumbani na mikono iko majini. Hadithi haikuisha. Kila kipindi kiliishia mahali pa kukuacha na hamu, na kabla na baada yake msemaji aliisifu Oxydol. Aliyeigiza sauti ya mjane huyo, Virginia Payne, alikuwa msichana wa miaka 23. Aliigiza mpaka mchezo ulipofungwa mwaka 1960, vipindi zaidi ya elfu saba. Kampuni nyingine zikafuata, na michezo hiyo ya mfululizo ikaitwa kwa Kiingereza michezo ya sabuni, jina lililobaki hata ilipohamia kwenye televisheni.

Fikirini ustadi wake. Tangazo la gazetini mtu hulipita. Sauti ya Ma Perkins ilikuwa ya rafiki, ilikuja saa ileile, ilimkuta msikilizaji peke yake, na ilimfanya acheke na kulia. Baada ya mwaka mmoja wa urafiki kama huo, kununua sabuni nyingine kulikuwa kama kumvunjia heshima mgeni anayekutembelea kila siku. Haikuhitajika kumdanganya mtu kuhusu ubora wa Oxydol. Ilitosha kupendwa.

Mbinu hiyo ilifika kwetu, na hapa ndipo nami moyo wangu unapopata faraja. Mwandishi wa Meksiko, Miguel Sabido, aliichunguza michezo hii akauliza: kama hadithi ndefu inaweza kuuza bidhaa, kwa nini isifundishe kusoma, uzazi wa mpango, afya? Njia yake ikaja Kenya mwaka 1987 na mchezo wa redio Ushikwapo Shikamana, ulioandikwa na Tom Kazungu. Mwaka 1993 Redio Tanzania ikaanza Twende na Wakati. Wengi wenu mnamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu aliyeamua kujitegemea. Mpaka mwaka 1995 kituo cha Dodoma hakikurusha mchezo huo, kwa makusudi, ili watafiti walinganishe. Sehemu zilizousikia zilionyesha mabadiliko ambayo Dodoma haikuwa nayo: watu walizungumza zaidi na wenzi wao juu ya uzazi wa mpango, na walikwenda zaidi kliniki. Chombo kilichobuniwa kuuza unga wa Oxydol kilitumika kuokoa watu na UKIMWI. Kwa hiyo siwezi kusimama hapa nikasema ufundi wa matangazo ni mbaya. Nauliza tu unamtumikia nani.

Turudi kwenye beseni, maana kuna mambo mawili ambayo matangazo yametufundisha na ambayo nataka tuyapime upya: weupe na povu.

Weupe kwanza. Nguo nyeupe ikizeeka hugeuka manjano. Mama zetu walitia bluu kidogo kwenye maji ya mwisho, na kanzu au shati la shule likaonekana jeupe, kwa kuwa bluu huifunika ile manjano. Hakuna uchafu ulioondoka hapo, jicho limesaidiwa. Sabuni za unga za karne ya 20 zilichukua kazi ya bluu zikaitia ndani ya pakiti, kwa kemikali zinazoshika kwenye nyuzi za nguo, zikapokea mionzi ya jua isiyoonekana na kuirudisha kama mwanga wa samawati. Ndiyo sababu shati hung'aa zaidi ukilitoa nje juani. Si udanganyifu wa kisheria, na nguo iliyong'aa inapendeza. Lakini tangazo linapoweka mashati mawili sambamba na kukuambia tazama lipi safi, linakuonyesha rangi na kuiita usafi. Ujerumani walilijua hilo mapema: kampuni ya Henkel, iliyoanza kuuza Persil mwaka 1907, ilitembeza mitaani Berlin wanaume waliovaa nyeupe tupu na kushika miavuli myeupe. Weupe ukawa hoja nzima.

Na kuna jirani. Kwa miaka mingi matangazo yamemweka jirani, mwalimu au mama mkwe akiitazama kamba ya nguo, na mwenye nyumba akiona haya. Kisha, mwanzoni mwa karne hii, Unilever, kampuni iliyotokana na ile ya Lever, ikageuza wimbo: ikatangaza duniani kote, kupitia majina kama Omo, kwamba uchafu ni mzuri, mtoto aachwe achezee matope, hivyo ndivyo anavyojifunza. Nakubaliana na ujumbe huo. Ila mama aliyelelewa kwa matangazo ya haya hakuombwa radhi, na matope yakiingia kwenye sare, anayeinama juu ya karai ni yeye yule.

Povu sasa. Mtu wa pwani analijua hili kuliko mtu yeyote. Ukifua kwa maji ya kisima ya chumvi, sabuni ya mche haitoi povu. Inafanya utando mweupe na nguo inakakamaa. Sabuni za unga za kisasa, zilizoenea tangu Marekani ilipotoa Tide mwaka 1946, hazishikani na madini ya maji namna hiyo, na kwa anayefua Lamu au Bagamoyo hiyo ni nafuu ya kweli. Ila povu lenyewe halifui. Kinachofua ni kemikali iliyomo majini inayokamata mafuta na taka. Povu ni hewa iliyonaswa. Unga wa mashine za kufulia hutiwa dawa ya kuzuia povu, kwa kuwa povu jingi huharibu kazi ya mashine, na nguo hutoka safi. Unga wetu wa kufulia kwa mikono hutengenezwa utoe povu jingi makusudi, kwa sababu tumezoezwa kuliamini.

Na povu lina gharama, tena hailipwi dukani. Hulipwa kwenye kusuuza. Mtu mwenye bomba ndani hafahamu. Kwa yule anayenunua maji kwa dumu, au binti anayeyatwika kichwani kutoka mtoni, kila suuzo la ziada ni fedha au ni safari. Matangazo yetu yanatuambia pakiti moja inafua nguo ngapi. Sijasikia hata moja linaloeleza itachukua ndoo ngapi kuliondoa povu lake. Wenye viwanda wanazo maabara, na kulipima jambo hilo ni kazi ndogo kwao. Waliandike basi nyuma ya pakiti, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka: kijiko kingapi cha unga kwa ndoo ya lita 20, na suuza mara ngapi. Na sisi watangazaji tunapoletewa karatasi ya tangazo tuisome hewani, tuwaulize hilo kabla ya kuwasha kipaza sauti.